Maharage yasimalize mkaa
Dada yangu, umeuliza ufanyeje ili kopo zima la mkaa lisiishie kwenye sufuria moja ya maharage. Yachambue jioni, uyaoshe, kisha uyaloweke usiku kucha katika maji mengi, kwani punje iliyokwisha kunywa maji hadi ganda lake likanyooka huiva mapema kuliko iliyo kavu. Asubuhi mwaga maji hayo na ubandike kwa maji mapya. Yakishatokota kwa nguvu dakika 10 hivi, funika vizuri na upunguze hewa kwenye mlango wa jiko. Nyanya uzitie yakishalainika, maana ukali wake huyachelewesha kuiva. Makaa yanayobaki mimi huyabandikia maji ya kuogeshea watoto, lakini jiko, tafadhali sana, lisiingizwe chumbani.