Maswali ya Wasomaji: Mtoto hajala, kwa nini achomwe insulini?

SWALI: Mwanangu wa miaka 12 ana kisukari cha aina ya kwanza. Majuzi alishikwa na homa, akatapika kutwa nzima. Kwa kuwa hakula kitu, tuliacha insulini tukiogopa sukari isije ikashuka. Usiku akaanza kuhema kwa nguvu, na hospitali wakakuta sukari 27 na ketoni nyingi. Sukari hiyo ilitoka wapi? – Mama, Tanga

JIBU: Pole kwa kuuguza, mama. Sukari ilitengenezwa na ini lake, na ketoni zilitokana na mafuta ya mwili wake mwenyewe. Tumezoea kuiona insulini kama dawa ya chakula, lakini ina kazi nyingine ya usiku na mchana: kuzuia akiba ya mafuta isifunguliwe ovyo.

Akiba hiyo huwekwa kama trigliseridi, yaani asidi tatu za mafuta zilizoshikizwa kwenye gliseroli moja. Ndani ya seli ya mafuta kuna vimeng'enya vya kuzitenganisha. Mtu akiugua, adrenalini hupanda na kuzalisha kemikali ya ishara ndani ya seli, nayo huviamsha vimeng'enya hivyo. Insulini huamsha kimeng'enya kinachoivunja kemikali hiyo ya ishara, ukataji ukapoa. Ikikosekana, asidi za mafuta humiminika kwenye damu, zikabebwa na protini ya albumini hadi kwenye ini. Huko nako insulini ndiyo ingepunguza kuingia kwake kwenye tanuri za seli. Bila insulini ini huzichoma kwa wingi na kuzigeuza ketoni, ambazo ni asidi. Kuhema kwa nguvu ni mwili kujaribu kutoa asidi hiyo kwa pumzi. Gliseroli iliyobaki nayo ini huigeuza sukari, juu ya ile linayoitoa kwenye akiba yake.

Kwa hiyo akiugua tena, insulini ya muda mrefu isiachwe kamwe. Ile ya chakula hupunguzwa au kuongezwa kwa kufuata vipimo, na anayetumia ya mchanganyiko aombe kliniki maelekezo yake mapema, akiwa bado mzima. Pimeni sukari kila saa 2 hadi 3, hata usiku. Anapotapika pimeni ketoni pia, hata kama sukari si kubwa. Kwa kipimo cha damu, chini ya 0.6 ni salama, ikifika 1.5 pigieni kliniki simu mara moja, ikifika 3.0 ni hospitali bila kungoja asubuhi. Mpeni maji kidogo kidogo. Sukari ikiwa chini ya 4, mpeni chai ya sukari au soda ya kawaida na muulize kliniki kiasi cha kupunguza dozi. Kupunguza si kuacha.

Vijiti vya mkojo vinafaa pale ambapo kipimo cha damu hakipo, ila vijue udhaifu wake: havioni aina ya ketoni iliyo nyingi zaidi wakati wa hatari, bali huona aina nyingine ya ketoni, kwa hiyo huonyesha nafuu kuliko hali ilivyo. Kichupa kikiachwa wazi unyevu huviharibu. Na mtoto mwenye kisukari akiumwa tumbo na kutapika, apimwe ketoni hata kama malaria imeonekana. Tunalisisitiza hili kwa sababu dalili hizi hufanana, na saa zinazopotea hapo ni za thamani.

SWALI: Nina aina ya pili, sukari yangu hufika 16 lakini ketoni hazionekani. Kwa nini? – Msomaji, Nakuru

JIBU: Kongosho lako bado linatoa insulini kidogo. Kuzuia mafuta kunahitaji kiasi kidogo sana cha insulini kuliko kuingiza sukari kwenye misuli, hivyo kile ulicho nacho kinatosha kazi ya kwanza, hakitoshi ya pili. Sukari ya 16 bado inakudhuru, ipeleke kliniki. Ukipata maambukizi makali ketoni zinaweza kutokea hata kwako. Na kama unameza dawa ambazo majina yake huishia na -gliflozin, ketoni zinaweza kupanda huku sukari ikionekana karibu ya kawaida: ukitapika, ukishindwa kula, au ukiandaliwa upasuaji, mwambie daktari kuhusu dawa hiyo kabla ya kumeza kidonge kinachofuata.