Kabla Hujachomwa Sindano ya Kukaza Huko Chini

Somo yangu alinifunza mengi nilipokuwa mwali, lakini ya baada ya hedhi kukoma hakuyagusa. Yangu ilikoma nikiwa na miaka 49. Nilipofika 52, mashavu ya nje ya uke yalikuwa yamenywea, ngozi imelegea na kukunjamana. Nguo ya ndani ilinisugua nikitembea kwenda shuleni. Nikikaa kwenye benchi kusimamia mtihani, nusu saa haikupita kabla sijaanza kuhisi moto. Faragha na mume wangu ikawa maumivu, nikawa natafuta visingizio ilhali hajanikosea kitu.

Nayasema wazi kwa sababu wanawake wa umri wangu tunanong'onezana dawa, madhara kila mtu anateseka nayo peke yake chumbani. Shoga yangu mmoja alinishauri maji ya shabu. Nilijaribu mara mbili. Shabu inakausha, na mimi tayari nilikuwa mkavu, kwa hiyo nilichubuka hadi haja ndogo ikawa mtihani. Tafadhali, msiweke shabu huko.

Kisha nikasikia habari za sindano. Kliniki moja ya urembo Dar es Salaam iliniuzia kifurushi cha sindano tatu: ya kujaza nje, ya damu yangu mwenyewe, na ya kukaza ndani. Nikalipa malipo ya awali. Siku ya miadi nikauliza dawa inaitwaje. "Ni ya Korea, mama, nzuri sana." Nikaomba kuona boksi, halikuwepo. Bomba lilikuwa kwenye trei, dawa imeshavutwa, halina hata lebo. Nikavaa viatu vyangu nikatoka. Fedha sikurudishiwa.

Aliyenisaidia ni daktari wa magonjwa ya wanawake, dada mdogo kwangu kwa umri lakini mwenye utulivu wa bibi. Kabla ya lolote aliniuliza: "Mama, kinachokusumbua ni sura, ukavu, maumivu, au mkojo?" Sikuwa nimewahi kuvitenganisha. Mimi nilikuwa naviita vyote kulegea.

Akanieleza kwamba hedhi ikikoma, homoni ya estrojeni inashuka, na ngozi ya uke inaitegemea sana homoni hiyo. Inakuwa nyembamba, kavu, inachanika upesi. Kolajeni inayoishikilia ngozi ya mwili mzima nayo inapungua. Katika miaka 5 ya mwanzo inaweza kupungua kwa takriban 30%. Mafuta yaliyojaza mashavu ya nje yanayeyuka. Kwa hiyo mimi nilikuwa na mambo mawili: ukavu wa ndani, ambao sindano ya kujaza haiuponyi, na kunywea kwa nje, ambako sindano inaweza kukusaidia.

Alinikagua pia kwa taa, akitafuta mabaka meupe. Kuna ugonjwa wa ngozi unaoanza kwa muwasho na weupe huko chini, unakunja ngozi hadi mtu adhani ni uzee tu. Una dawa yake ya kupaka, na ukiachwa miaka mingi unaweza kuzaa saratani. Mimi sikuwa nao. Lakini fikirieni mwanamke mwenye ugonjwa huo anachomwa sindano ya urembo juu yake kwa sababu hakuna aliyemkagua.

Tukaanza na krimu ya estrojeni ya ukeni: kila usiku kwa wiki mbili, kisha mara mbili kwa wiki. (Kama umewahi kuugua saratani ya matiti, mwambie daktari kwanza, usinunue mwenyewe dukani.) Pamoja na hiyo, mazoezi ya misuli ya nyonga: unakaza kama unayezuia mkojo, unahesabu hadi 5, unaachia, mara 10, asubuhi, mchana na usiku. Nilikuwa nafanya nikisahihisha madaftari. Baada ya miezi mitatu maumivu ya faragha yalikuwa yamekwisha, na mkojo haukunitoka tena nikipiga chafya. Nusu ya nilichotaka kukilipia kwa mamilioni kilipona hivyo.

Kubanwa na nguo kulibaki. Ndipo tukazungumza sindano.

Ya kujaza ni jeli ya asidi ya hayaluroniki, kitu ambacho mwili wenyewe unacho na kazi yake ni kushika maji. Inawekwa chini ya ngozi ya mashavu ya nje, inarudisha ujazo, na baada ya muda mwili unaiyeyusha. Ubora wake ni kwamba ikikaa vibaya, ipo dawa ya kuiyeyusha siku hiyo hiyo. Silikoni ya maji haina njia hiyo. Ikishaingia, kuitoa ni kisu. Sindano ya damu ni chembe sahani zako, zile chembe zinazogandisha damu, zilizochujwa kwa mashine. Daktari alisema ushahidi wake bado ni mdogo, nikaiacha.

Ya kukaza ndani, yaani jeli kuchomwa kwenye ukuta wa uke, alikataa katakata. Ukuta wa uke una mishipa ya damu mingi mno. Jeli ikiingia kwenye mshipa inasafiri hadi kwenye mapafu na kuyaziba. Madaktari wa China na Korea Kusini wameandika kesi za wanawake waliopatwa na hayo, wengine wakafariki. Na hiyo ndiyo sindano ya tatu niliyokuwa nimeshailipia. Nikikumbuka, mwili unanisisimka.

Nilichomwa ya nje nikiwa na miaka 53. Krimu ya ganzi ilikaa dakika 40, kazi yenyewe haikufika nusu saa. Nilivimba siku tatu, nikatembea taratibu, faragha tukaahirisha wiki moja. Nguo iliacha kunisugua. Miezi kumi baadaye ujazo ulianza kupungua, na mpaka leo sijaamua kama nitarudia, kwa sababu gharama ilizidi mshahara wangu wa mwezi mzima.

Mwaka 2020 chama cha madaktari wa uzazi na magonjwa ya wanawake cha Marekani kilisema wanawake waelezwe wazi kwamba ushahidi bora kwamba taratibu za kupendezesha sehemu za siri zinafanya kazi bado ni haba. Anayekuahidi kwamba utarudi kigori, anakuuzia. Kwa hapa Tanzania, uliza jina kamili la anayekuchoma, kisha lihakikishe kwa Baraza la Madaktari Tanganyika. Muulize pia kama ile dawa ya kuyeyusha jeli anayo hapo chumbani.

Boksi la sindano yangu lilifunguliwa mbele ya macho yangu. Lebo yake, yenye jina la dawa na namba ya toleo, nimeibandika kwenye daftari langu la kliniki, ukurasa mmoja na tarehe. Ombeni na ninyi lebo zenu.