Maswali na majibu: Siasa zako umezitoa wapi?

Safari hii nimeyaweka pamoja maswali ya wasomaji yanayogusa jambo moja: mtu anapata wapi msimamo wake wa kisiasa. Nimeyafupisha, makali yake nimeyaacha.

Kwetu wote ni chama kimoja tangu enzi za babu, na mimi nimo humohumo. Huu ni msimamo wangu au nimeurithi?

Chama huenda umerithi. Maoni yako mengine, si kwa kiasi hicho. Mwaka 1965 nchini Marekani, watafiti wa siasa Kent Jennings na Richard Niemi waliwahoji wanafunzi zaidi ya 1,600 wa mwaka wa mwisho wa sekondari, kisha wakawahoji wazazi wao kando. Kwenye suala la chama, mzazi na mtoto walishabihiana sana. Walipoulizwa kuhusu sera moja moja, ushabaha huo ulififia. Sababu haijifichi: mtoto anasikia kila siku jina linalotajwa kwa heshima na jina linalofanya watu wazima wasonye taarifa ya habari ikianza. Sera ya kodi ni nani anayeizungumzia mbele ya watoto?

Tafiti za baadaye zimeonyesha kioja. Watoto wa nyumba zenye siasa nyingi ndio wanaowaiga wazazi zaidi wakiwa wadogo, na haohao ndio wepesi kuhama wakishajitegemea. Wamezoea kubishana siasa, basi wakitoka wanaendelea kubishana, ila safari hii na watu wengine.

Binti yetu kaenda chuo, karudi na lugha mpya ya siasa. Ni mapito au kabadilika kweli?

Tazama marafiki atakaokuwa nao baada ya chuo. Katika miaka ya 1930, mwanasaikolojia Theodore Newcomb alifundisha katika chuo kidogo cha wasichana kiitwacho Bennington, jimbo la Vermont, Marekani. Wasichana wengi walitoka familia zenye uwezo na za kihafidhina, yaani zisizopenda mabadiliko ya haraka. Walimu wao kwa jumla walikuwa wakimuunga mkono Rais Roosevelt, aliyepingwa na wahafidhina wengi. Uchaguzi wa 1936 ulipofika, wengi wa mwaka wa kwanza walimtaka mpinzani wake, Landon, kama wazazi wao. Wa miaka ya juu waliomtaka walikuwa wachache.

Wale ambao hawakubadilika ndio walionifundisha mengi zaidi. Aghalabu walikuwa wasichana walioshikamana sana na nyumbani na hawakujitosa katika maisha ya chuo. Kumbe hoja za darasani peke yake hazikutosha. Ilibidi mtu atamani pia kuheshimiwa na watu wa pale. Newcomb aliwatafuta tena wasichana wa chuo kile miaka ya 1960, akakuta wengi bado wana msimamo walioupata chuoni. Sehemu ya sababu ni kwamba waliolewa na kufanya urafiki na watu wenye mawazo kama yao.

Ni kweli mtu akizeeka anakuwa mhafidhina?

Si kanuni. Miaka ya ujana ndiyo inayoacha alama kubwa, na wengi huzeeka na siasa walizozipata huko. Mara nyingine mzee hajasogea hata kidogo, dunia ndiyo iliyompita.

Mimi siamini habari hizi za mazingira. Watu huchagua mazingira yanayowafaa, halafu tunasema mazingira yamewabadilisha.

Hapo umegusa penyewe. Hata wasichana wa Bennington, pengine waliokwenda kule walikuwa tayari na hamu ya kubadilika. Ili kujua, inabidi bahati ndiyo iwagawe watu. Na imewahi kutokea hivyo.

Tarehe 1 Desemba 1969, mjini Washington, uliletwa mtungi wa kioo wenye vidonge 366 vya plastiki. Kila kidonge kilikuwa na tarehe moja ya mwaka ndani. Cha kwanza kuchomolewa kilikuwa 14 Septemba: vijana waliozaliwa siku hiyo wakawa namba 1 kuitwa jeshini wakati wa vita vya Vietnam. Aliyezaliwa siku iliyochomolewa mwisho angeweza kulala usingizi.

Watafiti wa siasa Robert Erikson na Laura Stoker waliwarudia vijana walewale wa 1965 niliowataja juu, kwa kuwa waliendelea kuhojiwa miaka mingi. Katika utafiti wao wa 2011 waliona kwamba waliopata namba za chini waliipinga vita zaidi na waliegemea zaidi mrengo wa kushoto, yaani ule unaopingana na wahafidhina, kuliko wenye namba za juu, hata kama hawakuwahi kuvaa sare. Hofu ya kuitwa ilitosha, na alama yake ilionekana miongo kadhaa baadaye. Tarehe ya kuzaliwa hakuna anayejichagulia.

Na mali je? Mtu akipata anabadilisha siasa?

Mwaka 1981 familia maskini zilivamia ardhi wazi huko San Francisco Solano, pembezoni mwa Buenos Aires, Argentina, zikidhani ni ya serikali. Kumbe ilikuwa na wenyewe. Mwaka 1984 ikapitishwa sheria ya kuitwaa kwa fidia ili wapewe wavamizi. Baadhi ya wamiliki walikubali fidia, wengine wakaenda mahakamani na kesi zikavuta miaka. Basi huyu akawa na hati miliki na jirani yake hana, na wakati wanajenga vibanda hakuna aliyejua mwenye ardhi atakubali au atashtaki.

Wanauchumi Di Tella, Galiani na Schargrodsky walichapisha matokeo yao mwaka 2007: wenye hati walikuwa wepesi zaidi kusema kwamba mtu anaweza kufanikiwa peke yake bila kundi nyuma yake, fikra inayoendana na soko huria. Lakini walichokipata wao kilitegemea uamuzi wa mtu mwingine kabisa! Siwacheki. Wengi wetu tunapofanikiwa tunasahau upesi mkono wa bahati.

Mimi na mume wangu tuna vyama tofauti. Watoto watafuata nani?

Wengi wa watoto kama hao huishia kutoegemea popote. Ila katika takwimu zile za 1965, wazazi walipotofautiana, mama alimzidi baba nguvu kidogo. Jibu hili usimwonyeshe mzee kabla ya uchaguzi.