Kwa Nini Nilifunga Duka Alhamisi Ile

Columbus, Ohio
24 Novemba 2025

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako nimeupata. Umeniuliza, "Mama, duka unaliendesha peke yako, iweje ulifunge siku nzima kwenda kuongea dakika kumi na wasaidizi wa mbunge? Wale wanawasikiliza wenye fedha." Sikutaka kukujibu kwenye simu huku napima mchele wa watu. Nimengoja nifunge hesabu, sasa nakuandikia.

Tuanze na vikapu vya Iringa, vile vya milulu ambavyo Wamarekani wanavinunua kuwekea maua. Mzigo wa mwaka huu ulikuwa wa dola 6,000. Tangu Aprili bidhaa za Tanzania zimetozwa ushuru wa ziada wa asilimia 10, kwa hiyo wakala wa forodha alinidai dola 600 kabla sijauza hata kikapu kimoja. Mwisho wa Septemba muda wa AGOA nao ukaisha, mpango ulioziingiza bidhaa nyingi za Afrika hapa bila ushuru tangu mwaka 2000. Mzigo ujao sijui hata niupangie bei gani.

Sasa sikiliza yaliyotokea Alhamisi. Msaidizi wa mbunge, kijana mpole mwenye daftari, aliniuliza kama ushuru huo haulipwi na wale wanaoniuzia kule Tanzania. Nikatoa karatasi ya forodha mkobani, nikaiweka mezani, nikamwekea kidole pale penye jina la duka letu na kiasi nilicholipa. Akaisoma mara mbili. Kisha akaomba aipige picha. Mwanangu, huyu ndiye anayemwandikia mbunge muhtasari kabla hajapiga kura, na alikuwa hajui kwamba mlipaji ni mimi. Nisingekwenda, nani angemwambia?

Unakumbuka Aprili 2020, ulipotumwa nyumbani kutoka chuoni? Congress, yaani Bunge la Marekani, ilitenga dola bilioni 349 ili biashara ndogo zikope na kulipa mishahara. Maombi yalianza kupokelewa tarehe 3, na tarehe 16 fedha zote zilikuwa zimekwisha. Benki niliyoweka akiba yangu miaka 11 iliniambia inaanza na wateja wake wenye mikopo. Mimi sikuwa na deni lolote, na sifa hiyo ndiyo ikaninyima nafasi. Nilikaa stoo juu ya gunia la maharage nikalia, wewe ukaniletea maji hukuuliza kitu.

Wakati huohuo Shake Shack, kampuni yenye migahawa mingi, ilipata dola milioni 10. Haikuiba. Sheria yenyewe ilisema migahawa ihesabiwe kwa wafanyakazi wa kila tawi, wasizidi 500, badala ya kampuni nzima. Kifungu kimoja tu kiliwaingiza wakubwa kwenye foleni yetu. Walizirudisha baada ya watu kuja juu, lakini mimi tangu siku ile naziogopa sheria zinazoandikwa wakati sisi tuko kaunta. Kampuni kubwa zina watu wanaolipwa kukaa Washington mwaka mzima wakifuatilia vifungu kama hivyo.

Jambo ambalo pengine sikukusimulia ni hili. Wenye maduka, vinyozi, wenye migahawa midogo, walipiga simu kwa wabunge wao hadi laini zikajaa. Fedha za nyongeza zilipopitishwa mwishoni mwa mwezi uleule, dola bilioni 60 zilitengwa zipitie kwa wakopeshaji wadogo. Mkopo wangu ulitoka huko, kwenye taasisi ndogo ya mtaani. Ule mshahara wa dada aliyekuwa akinisaidia, aliyekufundisha kukunja sambusa, ulilipwa na fedha hizo. Ndiyo maana siwezi kukubali ukisema hawasikii. Wenye fedha wanasikilizwa upesi zaidi, hapo umesema kweli, na linaniuma.

Na mambo ni mengi. Mteja akinunua maandazi ya dola 3 kwa kadi, mashine inanikata kama senti 23, na faida ya maandazi unaijua. Illinois walipitisha sheria mwaka 2024 ya kuzuia ada hiyo isikatwe kwenye sehemu ya kodi na bakshishi. Mabenki yakaenda mahakamani. Serikali ilipofungwa Oktoba kwa kukosa bajeti, SBA, shirika la serikali linalosaidia biashara ndogo, iliacha kuidhinisha mikopo kwa siku 43, na ombi langu la friji likalala humo. Mwezi huu wameondoa ushuru wa ziada kwenye kahawa na chai, nikashukuru. Vikapu bado.

Tarehe 5 Novemba Mahakama ya Juu ya Marekani imesikiliza kesi ya ushuru huu. Miongoni mwa walioifungua wamo kampuni ya familia ya Illinois inayotengeneza vifaa vya watoto kujifunzia, na mwagizaji mdogo wa mvinyo wa New York. Hadi ninapokuandikia, hukumu haijatoka. Niliposoma habari hiyo nilikaa kimya kwa muda. Watu wenye hesabu kama zetu wamesimama mbele ya majaji tisa, wewe unaona shida mimi kusimama mbele ya kijana mwenye daftari?

Jumanne tarehe 9 Desemba nimeitwa tena, safari hii tuko wanne: mimi, Mkongo mwenye saluni, Msomali wa duka la nyama na bibi Mmarekani wa duka la maua. Kila mmoja atabeba karatasi zake. Sitaki kufunga tena, kwa sababu siku ile nilipoteza mauzo ya siku nzima na mteja wa mkate wa kumimina alirudi bure. Ukipata ruhusa kazini, njoo Jumatatu usiku unishikie duka. Mizani ya kushoto inazidisha, tumia ya kulia. Pilau nitaiacha kwenye friji la zamani.

Mama yako