Mwanao amelazwa wodi ya akili Uingereza, nawe uko Mtwara

Mtoto wa dada yangu aliugua akiwa Uingereza. Dada yuko Mikindani na Kiingereza hakijui, na mimi ni muuguzi hapa Mtwara mjini, kwa hiyo simu zote za wodini ziliangukia kwangu. Tangu habari zisambae, kinamama wenye watoto ughaibuni hunisimamisha hadi sokoni wakiuliza la kufanya. Haya ndiyo ninayowaambia.

Kijana alikuwa mgonjwa kweli. Hali wala halali, anaamini majirani wanamsikiliza kupitia soketi ya ukutani. Daktari hakumzushia, basi msianze kwa kubishana na ugonjwa. Kilichonitia mashaka ni yale mengine yaliyoingia kwenye faili pamoja nao. Muuguzi wa zamu alinisomea kwenye simu: mgonjwa huamka usiku wa manane, hujifunika shuka, hunong'ona peke yake huku akichezesha vidole. Nikamuuliza, kidole gumba kinapita kwenye pingili moja moja? Akasema ndiyo. Nikamwambia huyo anavuta uradi, anamtaja Mungu kwa kuhesabu vidoleni, ameanza tangu yuko madrasa kwa maalimu wake, na babu yake alikuwa hivyo hivyo. Kimya. Kisha akataka kujua kama siku za karibuni amezidisha dini, na anaswali msikiti gani.

Swali lile lina chimbuko. Tangu 2015 sheria ya Uingereza inazitaka hospitali za umma kushiriki katika kuzuia watu wasivutwe kwenye ugaidi, na watumishi hufundishwa dalili za kuangalia. Ukiwa Mwislamu, ndevu zako na huzuni yako huweza kusomwa kwa miwani hiyo. Rangi nayo ina yake: takwimu za England zinaonyesha watu weusi huzuiliwa hospitalini kwa nguvu ya sheria ya afya ya akili zaidi ya mara 3 ya wazungu. Yule muuguzi alikuwa mpole, sina neno naye. Fomu aliyoishika ndiyo iliyouliza.

Wala si mambo ya jana. J.C. Carothers, daktari aliyesimamia hospitali ya akili ya Mathari, Nairobi, enzi za mkoloni, aliandika katika chapisho la Shirika la Afya Duniani mwaka 1953 kwamba Mwafrika anafanana na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka huo huo daktari wa akili Frantz Fanon alianza kazi hospitali ya akili ya Blida, Algeria. Shughuli zilizowachangamsha wagonjwa wa kike wa Kizungu hazikuwagusa wanaume wa Kiislamu hata kidogo. Akabadilisha shughuli: mkahawa wao wa kahawa, sikukuu zao, msimulizi wa hadithi wa kwao.

Ushauri wangu mkubwa: andikeni. Ukurasa mmoja, kwa Kiingereza, kuhusu alivyokuwa akiwa mzima. Hulala saa ngapi, huswali vipi, hufunga Jumatatu na Alhamisi au hafungi, akikasirika hufanyaje. Kisha kilichobadilika. Sisi tuliandika kwamba uradi ni wake wa siku zote, lakini kukimbia swala ya Ijumaa eti maamuma wanamsoma mawazo, hilo si lake. Daktari aliishika ile karatasi kuliko maneno yangu yote ya simu. Itumeni kwa baruapepe ili tarehe ibaki, na ombeni iwekwe kwenye faili.

La sheria lilituuma zaidi. Kwa sheria yao ya afya ya akili ya 1983, kama ilivyotumika kwetu, ndugu wa karibu anayetambuliwa lazima awe mkazi wa kule. Mama mzazi aliye Mikindani hahesabiki. Dada alilia siku hiyo kuliko siku aliyosikia ugonjwa. Tukamsimamisha mjomba wa kijana aliye Leicester, na kijana mwenyewe akakubali kwa maandishi tupewe habari. Aliyezuiliwa ana haki ya mtetezi huru, bure. Kama amewekwa kwa ule uchunguzi wa hadi siku 28, rufaa huombwa ndani ya siku 14 za mwanzo, kwa hiyo ile tabia yetu ya kusema tusiwaudhi madaktari iwekeni kando.

Dawa: kapsuli nyingi zina jelatini, na huweza kuwa ya nguruwe, aombe vidonge vya kawaida badala ya kuzitema kimyakimya. Anayetumia lithiamu, dawa ya kutuliza mihemko, asifunge Ramadhani kabla ya kuzungumza na daktari, maana mwili ukipungua maji dawa hupanda kwenye damu hadi kuwa sumu.

Na kombe, yale maandishi ya Qurani yanayooshwa kwa maji yakanywewa? Dada alitaka kutuma karatasi yake kwa msafiri. Nikamwambia atume, ila daktari ajue kwanza. Daktari akauliza imeandikwa kwa nini. Zafarani na maji ya waridi, nikamjibu. Akasema haina neno, mradi vidonge visikatizwe, akaiandika nayo kwenye faili.