Daktari Anajibu: Je, uvimbe wa kaka yangu ni wa ukoo?

SWALI: Shikamoo daktari. Kaka yangu, miaka 34, alianguka kifafa kwa mara ya kwanza ukubwani. Alipigwa MRI, akafanyiwa upasuaji. Majibu ya kipimo cha kipande cha uvimbe yanasema ni astrositoma (aina ya uvimbe wa ubongo) ya daraja la 2, yenye "IDH1 R132H". Mama hali chakula, anasema ugonjwa umo kwenye ukoo na wajukuu watauchukua. Je, ni kweli?
– Mama Salma, Morogoro

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambie mama ale. Hiyo "IDH1 R132H" ni hitilafu ya kinasaba, na kwa kawaida hairithiwi. Ilizuka kwenye seli moja ya ubongo wa kaka yako na imebaki humo kwenye uvimbe. Salma na wenzake hawana cha kuchukua hapo.

Huo mstari uliowatisha ndio ningeusoma kwanza. IDH1 ni kimeng'enya ambacho sote tunacho, kinaisaidia seli kutumia chakula. Kwa kaka yako, asidi amino (kijenzi cha protini) ya 132 katika kimeng'enya hicho imebadilika, arjinini imekuwa histidini. Badiliko dogo hivyo, lakini kimeng'enya sasa kinazalisha kwa wingi kemikali iitwayo haidroksiglutareti, nayo inavizuia kufanya kazi vimeng'enya vingine viitwavyo TET, ambavyo huanzisha kazi ya kuondoa alama za methili kwenye vinasaba. Alama zinarundikana. Alama ya methili kwenye jeni ni kama kufuli kwenye mlango wa duka: bidhaa zimo zote, ila hakuna kinachouzwa. Jeni za kuikomaza seli zinafungwa, seli inabaki changa na kuendelea kugawanyika.

Hitilafu hii iligunduliwa kwenye uvimbe wa ubongo mwaka 2008, na leo huwezi kuutaja uvimbe wa aina hii sawasawa bila kuipima. Nafurahi kwamba kaka yako alipimwa. Wenye hitilafu hii kwa kawaida huishi muda mrefu zaidi kuliko wenye glioblastoma, uvimbe mkali zaidi wa ubongo, na wapo wanaoishi miaka mingi.

Ipo pia dawa ya vidonge, vorasidenib, inayokizuia kimeng'enya hicho kilichoharibika. Marekani iliidhinisha Agosti 2024, kwa uvimbe wa daraja la 2 uliokwisha kufanyiwa upasuaji. Katika utafiti wa watu 331, waliopewa dawa walikaa miezi 27.7, kwa wastani wa kati, kabla uvimbe haujasonga mbele. Waliopewa kidonge kisicho na dawa, 11.1. Haiponyeshi, na nisingependa mtu awauzie matumaini hayo. Inachelewesha, na kwa kijana wa miaka 34 muda huo ni mkubwa.

Nendeni kliniki na ripoti yenyewe, si kwa kusimulia. Mwulizeni daktari bingwa ni kiasi gani cha uvimbe kimebaki, MRI ijayo ni lini, na kama mionzi inahitajika sasa au inaweza kusubiri. Dawa za kifafa asiziache hata akijisikia mzima kabisa, mpaka daktari wake aseme.