Mwanangu, nyama usiitangazie vita

Mwanangu,

Marahaba. Sisi hapa Uyole wazima, baba yako anakusalimu. Umeniuliza uanzie wapi kuacha nyama bila kudhoofika na bila kugombana na mkweo.

Ningekuwa wewe nisingetangaza lolote. Ukisema mezani kuanzia leo nyama basi, kila mtu atakaa kuchunguza sahani yako. Anza kwa kuongeza: leo maharage yaliyoungwa vizuri, keshokutwa njegere za nazi, nyama ibaki ya Jumapili, halafu hata Jumapili ianze kuruka. Wanaoshindwa ni wale wanaoondoa nyama wakabaki na ugali na chainizi ya kuchemsha. Saa nne asubuhi utawakuta kwenye supu.

Unalalamika kwamba tangu mhamie Iringa kutoka Dar maharage hayaivi. Huku juu maji huchemka kabla ya kufika nyuzi 100, kwa hiyo maharage huchelewa kuiva. Hapa kwetu, mita kama 1,700 kutoka usawa wa bahari, huchemka kwenye 94 hivi, na Iringa haipishani sana. Loweka usiku kucha, mwaga yale maji (gesi nayo hupungua), weka mapya, uchemshe kwa moto mkali kwanza ndipo upunguze. Yale mekundu usiyale yakiwa nusu mbichi, yanatapisha.

Majani ya maboga ndiyo yatakayokushindia watu. Menya nyuzi za vikonyo mpaka utando wenye vinyweleo utoke wote. Mkweo akikwama na uzi kooni hatayagusa tena. Yakatekate, yapike na kitunguu na nyanya. Karanga za kutwanga zikoroge pembeni na maji ya baridi zisifanye madonge, ndipo umimine, na usiache mwiko mpaka mafuta yaanze kuelea juu. Chumvi mwishoni. Kwa mboga hiyo baba yako hufuta bakuli kwa tonge, na haulizi nyama iko wapi.

Kuhusu kudhoofika: mahindi na maharage hukamilishana kwa protini, kwa hiyo kande usiidharau eti chakula cha bweni. Madini ya chuma ya kwenye mboga huingia mwilini kwa shida kuliko ya nyama. Kamulia limau, na chai uinywe saa moja au zaidi baada ya kula, kwa maana inayazuia. Wewe uliyeambiwa kliniki damu iko chini, hili lisikupite, na ukapime tena. Vitamini B12 nayo haimo kwenye maharage wala majani, hata parachichi la Rungwe halina. Mayai na maziwa endelea nayo. Ukitaka kuacha hayo pia, uliza hospitali kuhusu vidonge.

Kwa mkweo, fika mapema, ingia jikoni usaidie, na mboga ya majani omba uipike wewe. Akikupakulia nyama, mumeo yupo, ataila yeye. Msibani kula wali na kinachokufaa, unyamaze. Pale si mahali pa kueleza mtu unakula nini.

Ijumaa nakutumia kwa basi maharage ya njano, yale yenye mchuzi mzito. Yachambue vizuri, ya safari hii yana changarawe.

Mama yako